Ni nani mwenye jukumu la kutazama nyayo za mkulima wa Choma?

SERIKALI ilipozindua Januari 31, 2024 mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ilitangaza lengo la kuwafikisha wahudumu 137,294 vijijini na mitaani katika kipindi cha miaka mitano. Ni lengo kubwa, na kwa nchi ambayo wananchi wake wengi bado wanaishi mbali na hospitali, ni lengo linalostahili kuungwa mkono. Mipango ya namna hii imezoea kuzungumzia uzazi salama, chanjo, kifua kikuu na malaria, na hakuna anayeweza kulaumu mazoea hayo. Ni nadra, hata hivyo, kuisikia ikizungumzia nyayo.

Msomaji wa mjini anaweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Kwa mkazi wa Choma, ile inayofahamika pia kwa jina la Choma cha Nkola, katika Wilaya ya Igunga mkoani Tabora, si dogo hata kidogo. Huko ni nchi ya pamba, mpunga na mifugo. Mtu hutembea kwenda shambani, hutembea nyuma ya ng'ombe wa plau, hutembea kwenda gulioni na kisimani. Mvua zikikolea, udongo mweusi wa mbuga za Wembere hugeuka tope linalonasa hata magari, na hapo miguu hubaki kuwa usafiri pekee wa uhakika. Wengi huvaa kandambili au katambuga, viatu vilivyochongwa kutokana na matairi chakavu, na wakati wa kulima wengine hawavai kitu. Katika mazingira hayo, mtu anayepoteza mguu hupoteza shamba lake katika msimu huohuo.

Kinachosikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya miguu inayokatwa katika hospitali zetu haikupaswa kukatwa. Mguu huo haukuharibika siku mgonjwa alipofikishwa hospitali. Uliharibika wiki au miezi mingi kabla, pengine umbali wa hatua chache kutoka zahanati, kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenye mguu avue viatu ili nyayo zake zitazamwe.

Tuanze na namna madhara yenyewe yanavyotokea. Kisukari kinapokaa mwilini kwa miaka bila kudhibitiwa, huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika miguuni. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi, au miguu kuwaka moto, kisha hafikii tena kuhisi kitu. Mwiba ukimchoma hajui. Kokoto ikiingia ndani ya kiatu hutembea nayo kutwa nzima. Kidonda huota chini ya unyayo mahali asipopaona, na kwa kuwa hakiumi, huendelea kukikanyaga. Vijidudu hupenya hadi kwenye mfupa. Pale mishipa ya damu nayo ikiwa imeziba, kidole hubadilika rangi kikawa cheusi, na safari ya kuelekea chumba cha upasuaji huwa imekwisha kuanza.

Ganzi hiyo huweza kuwa kali kiasi ambacho asiyeiona hawezi kuamini. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Dk. Zulfiqarali Abbas, bingwa aliyejikita katika matatizo ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, walichapisha katika jarida la kitabibu taarifa za wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Panya alitafuna nyama ya mtu aliye hai, naye mtu asiamke. Aligundua asubuhi alipoona damu.

Timu hiyohiyo ilikuwa imechapisha, mwaka 2002, matokeo ya utafiti kuhusu wagonjwa waliolazwa jijini humo. Kati ya wagonjwa 627 wa kisukari waliochunguzwa, 92, sawa na asilimia 15, walikuwa na vidonda miguuni. Theluthi moja ya hao wenye vidonda walifanyiwa upasuaji. Vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa wale waliokuwa na vidonda vibaya kupita kiasi na ambao hawakufanyiwa upasuaji: zaidi ya nusu yao walifariki hospitalini. Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Hazisemi kwamba kukata mguu ni uovu, maana kwa mgonjwa aliyechelewa upasuaji ndio humwokoa. Zinasema kwamba kuchelewa huua. Na ikiwa hali ilikuwa hivyo Dar es Salaam, kwenye mabingwa na magari, ndugu msomaji anaweza mwenyewe kukadiria ilivyo kwa mtu ambaye hospitali yake ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko takriban kilomita 200 kutoka Igunga mjini kwa barabara ya kupitia Nzega.

Ni kinaya kwamba shida hii inaikuta Tabora, kwa sababu hakuna sehemu ya nchi hii ambayo historia yake imeandikwa kwa nyayo kuliko hapo. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilitembea mamia ya kilomita hadi Unyanyembe, kisha ikagawanyika: mingine kwenda Ujiji, mingine kwenda kaskazini kuelekea Ziwa Victoria, upande ambao Speke aliufuata mwaka 1858. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa takriban kilo 30 kila mmoja, miezi kwa miezi. Aliyepata donda mguuni aliachwa nyuma, na kuachwa nyuma njiani mara nyingi kulimaanisha kifo. Livingstone, ambaye nyumba aliyokaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872 imehifadhiwa kuwa makumbusho, alikuwa amelazwa na vidonda vya miguu kwa miezi kadhaa huko Manyema, Kongo ya mashariki, mwaka 1870. Mtu huyo aliyekuwa daktari kwa taaluma hakuweza kutembea.

Njia hizo ndizo zilizosambaza pia funza. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Inaelezwa kwamba aliletwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, akiwa ndani ya mchanga uliowekwa kuipa meli uzito. Alipanda na Mto Kongo, akavuka maziwa makuu, akafuata misafara na majeshi, na kabla ya karne ile kumalizika alikuwa amefika mwambao wa Bahari ya Hindi. Funza aliwaondolea watu vidole, aliwaletea pepopunda, aliwafanya wengine watambae. Mpaka leo hajatoweka katika nyumba za sakafu ya udongo, na wanaoteseka zaidi ni watoto na wazee wasio na wa kuwatoa. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 upagazi wa safari ndefu ulififia, lakini nyayo za mwananchi wa kawaida hazikupata nafuu kubwa kwa sababu ya treni.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo Tabora ililijua mapema, nalo ndilo linalonifanya niandike makala haya. Huko Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, wamisionari wa Kanisa la Moravian waliendesha makazi ya wagonjwa wa ukoma enzi za utawala wa Waingereza. Ukoma, kama kisukari, huua mishipa ya fahamu. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaokula vidole. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari waliokuwa wakifanya kazi India, na mashuhuri zaidi kati yao akiwa Paul Brand, walionyesha kwamba vidole huharibika hasa kwa sababu mgonjwa hahisi maumivu, hivyo huungua, hukatika na kukanyaga majeraha yake bila kujua. Kutokana na ugunduzi huo ukazaliwa utaratibu rahisi wa kumfundisha mgonjwa: tazama nyayo zako kila siku, ziloweke katika maji yasiyo ya moto, zipake mafuta, kwangua ngozi iliyokomaa, vaa kandambili zenye soli laini na mpira mgumu chini yake, na ukiona kidonda usikikanyage.

Mambo hayo yote hayakuhitaji umeme wala bingwa. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977, uliutumia ujuzi huo mikoani kwa miongo mingi, ukiwa na waratibu hadi ngazi ya wilaya. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha kimataifa cha kuuhesabu ukoma kuwa si tena tatizo la afya ya jamii kitaifa, ingawa katika miaka ya karibuni imeendelea kugundua wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Kadiri wagonjwa wa ukoma walivyopungua, ndivyo fedha na watu waliojua kutunza unyayo usiohisi walivyopungua pia. Wakati huohuo kisukari kilikuwa kinapanda: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wazima tisa katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa na ugonjwa huo.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la mipango. Unyayo usiohisi ni uleule, uwe wa mwenye ukoma au wa mwenye kisukari. Unaweza pia kuwa wa mtu aliyetumia kwa muda mrefu baadhi ya dawa za zamani za kufubaza virusi vya Ukimwi, ambazo nazo ziliharibu mishipa ya fahamu hadi Shirika la Afya Duniani likashauri ziachwe. Matunzo yake ni yaleyale. Lakini sisi tumezigawa huduma kwa jina la ugonjwa na kwa jina la mfadhili. Mratibu wa ukoma ana daftari lake, kliniki ya kisukari ina siku yake, kliniki ya Ukimwi ina jengo lake. Mguu umebaki yatima. Kila mmoja anaujua kwa sehemu, na hakuna anayeulizwa mwisho wa mwaka ni mingapi imekatwa katika wilaya yake na kwa nini.

Misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla Januari 2025, wengi waligundua jinsi ukuta kati ya jengo moja na jingine ulivyojengwa kwa fedha za watu wengine. Sioni sababu ya kusubiri mtikisiko mwingine ndipo tuuvunje.

Haiwezi kusemwa kwamba Tanzania haikuwa na mfano wa kufuata. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu, pamoja na India na majirani zake, ilikuwa uwanja wa majaribio wa mradi uliolenga kuzuia ukataji wa miguu ya wagonjwa wa kisukari hatua kwa hatua. Wazo lilikuwa rahisi. Kutoka kila kituo walichukuliwa watu wawili, daktari na muuguzi wanaofanya kazi pamoja, wakapewa mafunzo ya msingi na vifaa vichache vya kusafishia vidonda, wakarudi kazini, na mwaka uliofuata wakaitwa tena kwa mafunzo ya juu zaidi. Kumfundisha mmoja peke yake kulionekana hakutoshi, maana akihamishwa elimu huondoka naye. Mwaka 2011 jarida moja la kimataifa linalohusu vidonda lilichapisha makala iliyoutaja mradi huu wa Tanzania kuwa kielelezo kwa nchi zinazoendelea. Nchi nyingine zilikuja kujifunza kwetu.

Kielelezo kilikuwa chetu, lakini kilikomea hospitalini. Timu zilizofundishwa zilikuwa za vituo vikubwa, na mgonjwa wa kijijini huvifikia vituo hivyo akiwa tayari na donda ndugu. Kabla ya hapo amekwisha kupita kwa muuza dawa, kwa mganga wa jadi, na kwa jirani aliyemshauri aoshe mguu kwa maji ya moto yenye chumvi. Maji hayo, kwa mtu asiyehisi, huongeza jeraha la moto juu ya kidonda. Sisemi haya kuwadharau waganga wala majirani. Wao walikuwapo pale mgonjwa alipohitaji msaada, na sisi wenye mipango hatukuwapo.

Umbali huu unaharibu pia miguu ya wale ambao hawajaanza hata kutembea. Mtoto mmoja katika kila watoto wapatao 800 hadi 1,000 wanaozaliwa huwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda ukaelekea ndani. Tiba yake inajulikana na haihitaji upasuaji mkubwa. Dk. Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alionyesha miongo mingi iliyopita kwamba mguu huo hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, kisha mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa fito, mwanzoni karibu saa zote na baadaye usiku tu hadi afikishe miaka minne au mitano. Hapa nchini tiba hiyo hutolewa katika hospitali kadhaa, CCBRT ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo.

Hesabu ya mama wa Choma ni hii: safari saba katika wiki saba, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na wengine wamebaki nyumbani, tena katikati ya palizi. Hata kama plasta ni bure, nauli si bure. Akikosa wiki mbili, mguu huanza kurudi ulikotoka. Ndiyo maana bado tunawaona watu wazima wakitembea kwa ubavu wa unyayo katika magulio yetu, wakati tiba yao ingekamilika kabla hawajatamka neno la kwanza.

Majeraha ya kifundo cha mguu yatokanayo na bodaboda yanahitaji makala yake peke yake, nayo nayaacha kwa leo.

Lipo suala la fedha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila Mtanzania kuwa na bima. Mjadala wa umma umejikita katika kiasi cha mchango na katika magonjwa ya gharama kubwa, kama vile usafishaji wa figo na saratani. Ni mjadala halali. Lakini bima inayolipa gharama ya kukata mguu na kusita kulipia kandambili yenye soli laini itakuwa inanunua hasara kwa bei ya juu. Wanaopanga kitita cha mafao watwambie waziwazi: usafishaji wa kidonda katika zahanati umo? Kiatu cha kinga kimo? Mguu bandia umo, na je, utatengenezewa wapi? Nchi hii imekuwa na chuo cha mafundi wa viungo bandia huko Moshi, TATCOT, tangu mwaka 1981, chuo ambacho kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kuwa na chuo cha aina hiyo kwa zaidi ya miaka 40, na bado mkulima wa Igunga akategemea gongo alilochonga mwenyewe, ni jambo ambalo wahusika wanapaswa kulitolea maelezo.

Wilaya ya Igunga yenyewe haianzi kutoka sifuri. Inayo Hospitali ya Nkinga, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na ambayo leo ni hospitali ya rufaa inayohudumia wagonjwa hata wa kutoka nje ya mkoa. Tatizo si kukosekana kwa mahali pa kumpeleka mgonjwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kumwona mapema kiasi cha kumpeleka akiwa bado na mguu.

Turudi sasa kwa wale wahudumu 137,294. Kipo kipimo ambacho hakihitaji hata shilingi moja ya kifaa. Kilibuniwa katika hospitali ya Ipswich, Uingereza, na kuelezwa katika majarida ya kitabibu mwaka 2011. Mpimaji humwambia mtu afumbe macho, kisha humgusa taratibu kwa ncha ya kidole chake, kwa sekunde moja au mbili bila kusukuma, kwenye ncha za kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu. Jumla ni miguso sita. Asipohisi miwili au zaidi, nyayo zake ziko hatarini na anapaswa kupelekwa zahanati. Kazi nzima huchukua muda mfupi kuliko kupima shinikizo la damu. Mhudumu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa asubuhi na kuifanya jioni.

Wapo watakaosema kwamba wahudumu hawa wamekwisha kubebeshwa majukumu mengi kupita posho yao. Hoja hiyo ina uzito, na posho ni jambo la kutazamwa kwa haki. Lakini miguso sita haimwongezei mhudumu safari nyingine, kwa kuwa nyumba anazoingia ni zilezile. Kinachohitajika zaidi kiko upande wa pili: zahanati anakompeleka mgonjwa iwe na chachi, maji safi, dawa ya kuua vijidudu, kipimo cha sukari chenye vijiti vyake, na muuguzi mmoja ambaye jina lake limeandikwa ukutani kuwa ndiye wa nyayo. Halmashauri iulizwe kila robo mwaka ni wagonjwa wangapi walipimwa miguu, wangapi walikutwa na ganzi, na wangapi walikatwa.

Wala wahudumu hawalazimiki kuwafuata watu wote majumbani. Kila mwaka, msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, wakulima wa Choma na vijiji jirani hujipanga na marobota yao kwenye vituo vya vyama vya msingi vya ushirika, wakisubiri zamu ya kupima uzito. Husubiri kwa saa nyingi, wameketi, na wengi wamevua viatu.